Wavuvi Kwanza, Wafalme Baadaye: Visiwa vya Ugiriki na Pwani ya Libya

Ahsante mwenyekiti, na poleni kwa joto. Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa visiwa vya Ugiriki na pwani za jirani zake. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na nawaona wawili watatu wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Maadamu vitabu vya shule bado vinaanza na Athene na Sparta, kana kwamba bahari ililetwa baadaye, mimi nitaendelea kuanza na Korobios.

Korobios alikuwa mvuvi wa Itanos, mji uliokuwa ncha ya mashariki ya Krete. Hakuvua samaki. Alivua konokono wa baharini, wale wenye tezi inayotoa rangi ya zambarau iliyovaliwa na wakubwa. Ni kazi yenye uvundo na inataka subira. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alikamua konokono 12,000 na alichopata ni gramu 1.4 za rangi. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Mtu ambaye riziki yake inadai konokono kwa maelfu hawezi kukaa kwenye ghuba moja miaka nenda miaka rudi. Atazimaliza. Lazima asogee, na akisogea sana iko siku upepo utamshika.

Ndivyo ilivyomtokea. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba pepo zilimchukua Korobios zikamtupa Libya, kwenye kisiwa kidogo kilichoitwa Platea, jirani na bara. Akarudi kwao mzima. Tangu siku hiyo Itanos ilikuwa na mtu mmoja aliyejua Libya iko wapi.

Mnaona jambo dogo hilo? Subirini. Kaskazini ya Krete kuna kisiwa cha Thera, ambacho leo watalii wanakiita Santorini. Huko mvua ilikata miaka saba, miti yote ikakauka ukabaki mmoja tu. Hapo tunazungumzia miaka ya 630 Kabla ya Kristo. Kabla ya ukame huo, hekalu la Delphi, ambako Wagiriki waliulizia neno la mungu wao, lilikuwa limeshawaagiza watu wa Thera waende kujenga mji Libya, nao wakapuuza. Kwa nini? Herodotus mwenyewe anatoa jibu, ila wanaomnukuu huliruka: walipuuza kwa sababu hawakujua Libya iko upande gani wa dunia, na hawakuthubutu kupeleka watu gizani.

Hapa ndipo damu yangu inapochemka, mniwie radhi. Fungua kitabu chochote cha historia utasoma kwamba mji wa Kirene, huko Libya, ulianzishwa kwa agizo la Delphi chini ya uongozi wa Batto, mfalme wa kwanza. Vizuri. Lakini Delphi haikutoa ramani! Watu wa Thera walipobanwa na njaa wakaenda Krete, wakazunguka wakiuliza: jamani, kuna mwenyeji au mgeni hapa aliyewahi kufika Libya? Walizunguka hadi Itanos wakampata Korobios, wakampa ujira, naye akawapeleka. Ramani ilikuwa kichwani mwa mvuvi wa konokono.

Tena mwone walivyomfanya. Walipofika Platea wakamwacha pale peke yake na chakula cha miezi kadhaa, wao wakarudi Thera mbio kupeleka habari. Wakakawia kuliko walivyoahidi. Chakula kikamwishia, hana kitu, yuko kisiwani anaitazama bara. Kilichomwokoa ni merikebu ya watu wa kisiwa cha Samos, nahodha wake Kolaios, iliyokuwa inakwenda Misri ikapotezwa njia na upepo. Wakamsikiliza kisa chake, wakamwachia chakula cha mwaka mzima, wakatweka tanga.

Hawakufika Misri. Upepo wa mashariki ukawasukuma moja kwa moja hadi nje ya mlango wa Gibraltar, wakaangukia Tartessos, kusini mwa Hispania, soko ambalo wafanyabiashara wenzao walikuwa hawajaligusa. Faida waliyorudi nayo ilikuwa kubwa mno hata fungu la kumi peke yake lilifika talanta sita, nao wakalitumia kutengeneza chungu kikubwa cha shaba chenye vichwa vya ndege wa ajabu pembeni, wakakiweka kwenye hekalu la mungu wao wa kike, Hera, kule Samos. Herodotus anasema urafiki wa watu wa Kirene na Thera kwa watu wa Samos ulianzia kwenye tendo hilo, yaani chakula alichopewa Korobios.

Hebu tazameni kisa kimoja hiki: Krete, Thera, Samos, Libya, Misri iliyokosekana, Hispania iliyopatikana kwa bahati. Bahari nzima imo. Na Korobios je? Hatumsikii tena. Chungu cha shaba kimeelezwa umbo lake, hata masanamu yaliyokibeba yameelezwa urefu wake. Mvuvi hajulikani hata kama alirudi nyumbani.

Najua mwanafunzi wangu mmoja pale nyuma anataka kuniambia: mzee, Herodotus aliandika karibu miaka mia mbili baadaye, hizi ni hadithi za baraza. Nakubali hakuwapo. Lakini Tocra, kwenye pwani hiyo hiyo ya Libya, wachimbuzi wa miaka ya 1960 walikuta vyungu vya Rhodes na vya visiwa vingine vya karne hiyo hiyo ya saba. Vyungu havisimulii hadithi za baraza. Na Kirene penyewe limepatikana jiwe lililochongwa katika karne ya nne likitaja kiapo cha wahamiaji wa Thera. Mnaweza kubishana kama maneno ya kiapo ni ya asili au yalitengenezwa baadaye, wenye taaluma wanabishana mpaka leo, ila kwamba Kirene ilijihesabu kuwa mtoto wa Thera, hilo halina ubishi.

Mama mwenyewe hakuwa na huruma, kwa kweli. Vijana walichaguliwa kwa kura, ndugu wawili mmoja lazima aende, wakapakiwa kwenye merikebu mbili za makasia hamsini. Walipokata tamaa wakarudi Thera, wenzao waliwapokea kwa kuwarushia vitu, hawakuwaruhusu hata kushuka: rudini mlikotoka! Wakarudi. Mtu akiniambia uhamiaji wa kale ulikuwa safari ya ushujaa, namkumbusha vijana hawa waliokataliwa na bandari yao wenyewe.

Nisahihishe na dhana moja ya pepo, maana sisi watu wa pwani hii tunaisoma bahari ile kwa macho yetu. Sisi tuna kusi na kaskazi: upepo mmoja unakupeleka, ukisubiri miezi mwingine unakurudisha. Kule hakuna ukarimu huo. Kiangazi upepo unavuma toka kaskazini, unakusukuma kwenda Afrika. Toka Krete hadi Libya ni kilomita 300 hivi, kwenda ni rahisi. Shughuli ni kurudi. Ndiyo maana wengi wa waliokwenda walikaa.

Na walikaa na nani? Baada ya miaka miwili Platea na sita kwenye pwani mahali paitwapo Aziri, ni Walibya waliowachukua kuwapeleka bara, wakawaonyesha Kirene wakisema hapa ndipo mbingu zilipotoboka, yaani pana mvua. Herodotus anaongeza kwamba mahali pazuri kuliko pote, Irasa, waliwapitisha usiku wasipaone. Mimi sehemu hiyo hunichekesha kila nikiisoma. Wenyeji hawakuwa wajinga!

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko jikoni. Herodotus anasema wanawake wa Kirene hawakula nyama ya ng'ombe jike, kwa heshima ya Isis, mungu wa kike wa Misri, na wa Barka jirani yao waliacha na nguruwe pia. Wagiriki wa visiwani hawakuwa na mwiko wa ng'ombe. Merikebu zilipakia vijana waume. Basi wake walitoka wapi? Mama wa Kirene walikuwa Walibya, na mama ndiye anayeamua chungu kipikwe nini. Mkisikia Simoni mtu wa Kirene aliyebebeshwa msalaba, jueni anatoka mji wa namna hiyo, ulioanza na baba wa kisiwani na mama wa Afrika, na kufikia wakati wake ukawa na Wayahudi wengi pia.

Haikubaki udugu. Baada ya vizazi viwili wakaitwa Wagiriki wengine kwa wingi, ardhi ya Walibya ikanyang'anywa, Walibya wakaomba msaada kwa Farao Apries, jeshi lake likapigwa, na yeye kiti kikamponyoka. Sisemi haya kuwapamba wahamiaji. Nasema njia ilifunguliwa na mvuvi. Waliopita juu yake baadaye ni mambo mengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naiona. Basi naruka Naukratis, mji wa Wagiriki ndani ya Misri ambako Chios, Rhodes na wengine walishirikiana hekalu na Samos wakajenga lao, nijibu lile swali ambalo huulizwa kila mara: hayo ni ya kale, yana uhusiano gani na watu wa juzi?

Symi na Kalymnos. Visiwa vya mawe matupu, jirani na Uturuki. Hadi karne ya 20 watu wake waliishi kwa sponji, zile zinazovunwa chini ya bahari, na sponji nzuri zilikuwa Libya: Derna, Benghazi, Tripoli. Wakiondoka baada ya Pasaka wanarudi vuli inapoingia. Zamani mpiga mbizi alikumbatia jiwe bapa likamvuta chini kwa pumzi moja. Miaka ya 1860 likaja vazi la kuzamia, lenye kofia ya shaba na mpira wa hewa, na matajiri wa sponji wakafurahi: sasa mtu anakaa chini muda mrefu, anakwenda kina zaidi. Hakuna aliyewaambia kwamba ukipanda juu haraka hewa inageuka mapovu kwenye damu. Wakafa, wakapooza, wengine wakazikwa kwenye mchanga wa Libya ule ule. Kalymnos wana ngoma ambayo anayeongoza anachezea fimbo, miguu inatetemeka, anajitahidi kusimama: ni mpiga mbizi aliyepooza. Inachezwa harusini.

Mwaka 1900 mashua za Symi za nahodha Dimitrios Kontos, zikiwa njiani kwenda kwenye sponji za Afrika, zilijificha upepo kwenye kisiwa kidogo cha Antikythera. Elias Stadiatis akazama kubahatisha, akapanda juu akisema chini kuna maiti uchi na farasi. Yalikuwa masanamu, kwenye merikebu ya kale iliyozama. Ndiyo merikebu iliyotoa ile mashine ya magurudumu ya shaba ya kukokotoa mwendo wa jua na mwezi, ambayo kila mwaka intaneti inaigundua upya. Kazi ya kuyatoa mali hayo iliua mpiga mbizi mmoja na kuwapoozesha wawili. Mashine ina jina duniani kote. Mniambie nyinyi, majina ya wale watatu mmeyasikia wapi? Ni Korobios yule yule, jamani!

Krete kwa haraka. Mwishoni mwa karne ya 19 Waislamu wa Krete walianza kuhama, wengine wakaenda Susa ya Libya, ambayo ni bandari ya kale ya Kirene, wengine Hamidiyah ya Syria, ambako wajukuu wao bado wanazungumza Kigiriki cha Krete. Mwaka 1923 mkataba wa Lausanne, wa kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki, ukawahamisha waliobaki kwa kigezo cha dini tu, na wengi hawakujua Kituruki. Miongoni mwao walikuwamo watu weusi, maana Krete ilikuwa na watumwa wa Kiafrika na wachukuzi wa bandarini Chania. Mustafa Olpak, aliyefariki 2016, alizaliwa Ayvalık ya Uturuki katika familia kama hiyo: wazee wake walitekwa Kenya, wakafanywa watumwa Krete, kisha ubadilishanaji ule ukawapeleka Uturuki. Aliandika habari za ukoo wake, na mwaka 2006 akaanzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Wanaoniuliza kwa nini Mswahili ashughulike na visiwa vya Wagiriki, wakaanzie kwa Olpak, mimi nimechoka kujieleza.

Kisiwa cha Kastellorizo nakiacha, mwenyekiti keshasimama. Nimalizie na mwaka 1942: visiwa viko chini ya Wajerumani na Waitalia, njaa imewakaba, watu wa Chios, Samos na Ikaria wanavuka usiku kwa mashua za uvuvi hadi Uturuki. Waingereza wakawasambaza: Halab ya Syria, Nuseirat ya Gaza, ndiyo, Nuseirat hiyo hiyo ya taarifa ya habari, na wengine Kongo ya Wabelgiji na hapa Tanganyika. Mwenye bibi au babu aliyewaona Wagiriki hao wakimbizi amhoji sasa hivi, arekodi kwa simu, asingoje chuo kikuu kimpe fedha.

Haya, maswali. Na kwa kuwa nimeitaja Santorini, tafadhali asiniulize mtu habari za Atlantis, kile kisiwa cha hadithi kilichozama.