Stewholder: Mwenye Bafu Aliyegeuka Mwenye Danguro

Ndugu zangu, nashukuru kwa kuja. Jioni hii nina neno moja tu la Kiingereza cha zamani: stewholder. Holder ni mwenye. Kazi iko kwenye stew, maana Mwingereza wa leo ukimuuliza atakuonesha sufuria ya nyama na karoti.

Neno lilitoka Ufaransa. Estuve, kwa Kifaransa cha kale, ni nyumba ya kuogea kwa maji moto na mvuke. Waingereza walipolichukua, kitenzi chake kilikuwa na maana ya kuoga hivyo. Habari za mchuzi zilikuja baadaye. Lakini mabafuni humo wanaume na wanawake walikutana, biashara nyingine ikaingia, na jina la bafu likawa jina la danguro.

Kuwadi, tulilolipata kwa Waarabu, lina mzizi wa kuongoza, kwa hiyo linamtaja mtu kwa kazi yake. Stewholder limejificha nyuma ya mvuke.

Sasa tuvuke mto Thames wa London, twende Southwark, ng'ambo ya kusini. Mtaa ule ulikuwa chini ya Askofu wa Winchester, na mahakama yake ndiyo iliyowatoza faini wenye madanguro. Kanuni zake zimebaki katika hati ya karne ya 15. Chumba cha mwanamke kisizidi peni 14 kwa wiki. Mwenye nyumba asiuze mkate, bia, samaki wala kuni. Asimkopeshe mwanamke zaidi ya shilingi 6 na peni 8.

Naomba tukae kidogo kwenye huo mkopo. Hakuna anayekataza jambo lisilotendeka. Mwanamke anayedaiwa kodi, mkate na kuni, hata mlango ukiachwa wazi, atakwenda wapi? Mimi stewholder namwona hapo, ameshika hesabu ya madeni.

Mwaka 1546 Mfalme Henry VIII aliamuru nyumba zile zifungwe. Mwaka 1598 mwanahistoria John Stow aliandika aliyoyasikia kwa wazee wa kuaminika: kwamba wanawake wale, wakifa bila kupatanishwa na kanisa, walinyimwa maziko ya Kikristo. Faini zilizotokana na miili yao askofu alizipokea. Wao wakatengewa kiwanja mbali na kanisa la parokia, kikaitwa makaburi ya mwanamke asiye na mume.