Élisa Mercœur na Posho ya Mfalme

Ndugu zangu, wasifu wake sitausoma wote. Mshairi Élisa Mercœur alizaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1809, akalelewa na mama peke yake, akafa Paris Januari 1835, miaka 25 tu. Kila anayemtaja hutaja mambo yale yale: binti mdogo, kipaji, kifua, kaburi. Mimi nataka tuzungumze pesa. Najua wengine hili mmeshanisikia nalo mpaka mmechoka. Vumilieni.

Tangu utotoni alifundisha watoto wenzake kwa malipo, yeye na mama wapate kula. Mwaka 1827 diwani yake ikachapishwa pale pale Nantes, kwa mchapishaji Mellinet. Akaitabaruku kwa Chateaubriand, mkubwa wa fasihi wa zama zile. Sifa zikamiminika, hata mshairi Lamartine alimsifu. Mama na mwana wakahamia Paris, na waziri Martignac akamfanyia mpango wa posho ya serikali. Watu wakashukuru, mambo yamenyooka.

Yamenyooka wapi? Posho ilitoka kwa nani? Kwa waziri. Waziri aliwekwa na nani? Na Mfalme Charles X. Na mfalme je, alishikiliwa na nani? Julai 1830 watu wa Paris waliziba barabara kwa mawe na magogo. Siku tatu, mfalme kwisha habari yake, huyoo Uingereza. Posho ikaenda naye. Msinielewe vibaya, simlilii Charles X. Alifunga midomo ya magazeti, alijitakia. Namlilia Élisa, mpangaji wa nyumba aliyeamka asubuhi ile, utawala mpya, kodi ya nyumba ile ile.

Atasema mtu: si angeandika auze? Aliandika! Hadithi, makala za majarida, chochote kilicholipiwa, huku kifua kinambana. Kisha akaweka tumaini lote kwenye tanzia yake ya kishairi, yaani tamthilia ya huzuni, *Boabdil*. Ndiyo, Abu Abdillah yule yule, mtawala wa mwisho Mwislamu wa Granada kule Hispania, aliyeukabidhi mji mwaka 1492. Na kwa nini tamthilia? Kwa sababu diwani unauza mara moja, basi. Ila Théâtre-Français, jumba la maigizo la Paris, mwandishi alipata fungu la mapato ya maonyesho. Watazamaji wakija leo, unalipwa. Wakirudi kesho, unalipwa tena. Huyu binti alijua hesabu kuliko wahakiki wake!

Baron Taylor, msimamizi wa jumba lile, akaikataa.

Mama yake anasimulia kwamba Élisa alimwambia: nikifa watazua mengi, wewe sema ni kukataliwa kwa tanzia yangu. Daktari atacheka, atasema ni mapafu. Sawa, mapafu. Lakini mgonjwa wa mapafu anayeandika kutwa ili alipe kodi si sawa na mgonjwa wa mapafu aliyelala kitandani na supu yake pembeni.

Mashairi yenyewe nilitaka tuyasome, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka: mwaka 1843 mama huyo alichapisha kazi zote za mwanawe pamoja na simulizi ndefu ya maisha yake. Wapo wanaosema mama alitia chumvi. Huenda. Ila pale ndipo utakapomkuta mpangaji. Kwa wasifiaji wake utakuta malaika tu.

Haya, maswali. Na asiniulize mtu kama alikuwa mzuri wa sura.