Mkasi wa Glenn Miller

Haya jamani, za jioni, wale wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo nimekuja na wimbo mmoja tu, In the Mood, bendi ya Mmarekani Glenn Miller, mpiga tromboni, wameurekodi tarehe 1 Agosti 1939 kule New York. Na nitangulize kabisa, nikisema jazz usiwaze magita ya Mbaraka na Morogoro Jazz, hii ni bendi ya kupuliza, saksafoni mbele, tromboni na matarumbeta nyuma yao, gita lipo ila kulisikia lazima utege sikio haswa.

Sasa watu wengi wanadhani Miller ndo katunga. Wapi! Kile kipande cha saksafoni kinachojirudia, mpiga tarumbeta Wingy Manone alishakirekodi mwaka 1930 kwenye wimbo wenye jina lingine, mwaka uliofuata Fletcher Henderson na bendi yake nae akakitumia, baadae Joe Garland akakaa chini akakipanga na kukiandika, jina lake ndo likasoma kwenye lebo. Zama zile usipoandika na kusajili, mwenye sikio kali anabeba, Manone ikawa imekula kwake. Garland akampelekea Artie Shaw, mwenye bendi nyingine kubwa, Shaw akaupiga redioni dakika sita na ushee, wakati santuri ya enzi hizo upande mmoja unabeba dakika tatu na kidogo, basi hakuurekodi.

Ndo Miller akashika mkasi. Mi hapa namkubali kuliko hata kwenye tromboni yake, maana tuseme ukweli, kwa tromboni Tommy Dorsey alikuwa anamwacha mbali. Kakata huku, kakata kule, kabakiza saksafoni mbili zinajibizana, Tex Beneke anachokoza, Al Klink anarudisha, kama wazee wanataniana kwenye baraza ya kahawa, alafu tarumbeta la Clyde Hurley, alafu mwisho.

Huo mwisho sasa, ngoja niweke. Sikilizeni. Kipande kilekile, si ndio? Kinarudi, kimeshuka sauti. Kinarudi tena, kimeshuka zaidi, hapa mtu ukumbini anajua ndo kwaheri, anamwachia mwenzie mkono anatafuta kiti, tulieni kwanza, tulieni... PAA! Dada wa pale umeruka, nimekuona, pole. Na dakika ya nne bado haijafika.