Amidi wa uuguzi na wodi yake

Shikamooni wazee wetu na masista wakubwa mlioko hapo mbele, na nyie vijana wa darasani habari za mchana. Naona kuna waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa moja kwa moja, Mungu awabariki, nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimeombwa niongelee kuongoza shule ya uuguzi ndani ya chuo kikuu kikubwa cha umma, vile vyuo vya utafiti ambavyo ndani kuna udaktari, uhandisi, sheria na kila kitu. Hapa Moshi watu wanaujua uuguzi, hospitali ya KCMC ipo toka 1971, Machame wanafundisha manesi, Kibosho wanafundisha, Huruma kule Rombo pia, kwahiyo sina haja ya kuwaeleza nesi anafanya nini. Mimi nina jambo moja tu na nitalizungukia mpaka mwisho. Shule ya uuguzi ikishaingia chuo kikuu, kitu cha kwanza kuiponyoka ni wodi. Na amidi, yaani mkuu wa hiyo shule ndani ya chuo, ana vikao, ana bajeti, ana wageni, ana migogoro ya hosteli, lakini kazi yake kubwa kuliko zote hizo ni kuishikilia wodi isiondoke.

Inaponyokea wapi? Kwenye fomu. Kila chuo kina fomu ya kupanda cheo na ukiisoma unakuta pepa ulizochapisha zina pointi, kitabu kina pointi, hela za utafiti ulizoleta zina pointi, wanafunzi wa uzamili uliowasimamia nao wamo. Alafu kuna mstari wa kufundisha umebanwa pale katikati, na huo mstari unahesabu masaa ya darasani, ya wodini unakuta hayapo kabisa au yamepewa kipande kidogo. Sasa mhadhiri kijana ana watoto, ana mkopo benki, anaiangalia ile fomu anaona njia imeelekea wapi, na mimi simlaumu hata kidogo. Anakaa ofisini anaandika. Wodini anapelekwa mwalimu msaidizi, mwakani msaidizi naye anataka kupanda, mwisho wa siku wanafunzi wanaachiwa inchaji wa wodi ambaye tayari ana wagonjwa wamejaa mpaka chini, anaambiwa na hawa wanafunzi ni wako, wasainie logibuku, kile kitabu cha kuonyesha kazi walizofanya wodini.

Niwaonyeshe kinachopotea pale.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili yupo wodi ya wanaume. Mgonjwa ameandikiwa drip ya mililita 500 ishuke kwa masaa manne, na seti yenyewe inatoa matone 20 kwa mililita moja. Darasani hesabu hii haimshindi, 500 mara 20 ni 10,000, gawa kwa dakika 240, inakuja kama matone 42 kwa dakika, anapata vema. Hapa kitandani hana mashine, ana saa ya mkononi na kale kagurudumu ka plastiki kwenye mrija. Anakasogeza, anahesabu, 42, anaandika kwenye chati anataka aondoke. Mwalimu anamwambia subiri. Mgonjwa anajigeuza, anakunja kiwiko, matone yanashuka mpaka 15. Ananyoosha mkono, yanaanza kukimbia. Ndo mwalimu anaanza kumuuliza, hii kanula, kale kamrija kalikoingia kwenye mshipa, mbona imewekwa kwenye kiwiko, ungeiweka wapi wewe, mgonjwa huyu moyo wake ukoje, figo zake zikoje, yale maji yakiingia yote ndani ya saa moja utamwona anapumuaje, na zamu inabadilishwa saa ngapi, umemwambia nani aje aangalie ukishaondoka. Nusu saa, mwanafunzi mmoja, kitanda kimoja. Hakuna fomu inayoijua hiyo nusu saa, na ndani yake kuna fiziolojia, kuna hesabu, kuna maadili, kuna utawala. Mtu akiniambia hiyo siyo kazi ya chuo kikuu namuomba twende naye wodini asubuhi moja tu.

Sasa msije mkadhani zamani ilikuwa nzuri kuliko sasa, kwa sababu zamani wodi ndo ilikuwa imemmeza mwanafunzi. Baada ya Florence Nightingale kufungua shule yake pale hospitali ya St Thomas', London, 1860, mtindo wa shule za hospitali ulienea sana, na sehemu nyingi ulivyoenea huko mwanafunzi akageuka nguvu kazi ya bei rahisi, anafanya kazi mchana kutwa, darasa ni usiku akiwa anasinzia. Chuo kikuu ndo kilikuja kumtoa hapo. Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho ni cha umma, kilianzisha shule ya uuguzi 1909 na mwanafunzi akaanza kutambuliwa kama mwanafunzi. Kwahiyo chuo nakipenda jamani, nimekula mkate wake miaka mingi, sitaki turudi kule.

Lakini kuingia chuoni ni hatua moja na kuheshimiwa chuoni ni nyingine. Kwenye chuo cha utafiti shule isiyo na utafiti inakaa kwenye kikao cha seneti, baraza la taaluma la chuo, kama mgeni, ukiongea wanakusikiliza kwa adabu alafu wanaendelea na ajenda. Wenzetu Marekani walilipigania hilo mpaka bungeni. Mwaka 1985 bunge lao lilipitisha sheria ambayo ndani yake kulikuwa na kituo cha taifa cha utafiti wa uuguzi, Rais Reagan akaikataa, bunge likarudi likapiga kura tena likapita juu ya kura yake ya turufu, na 1986 kituo kikaanza, 1993 kikapandishwa kuwa taasisi kamili. Mkurugenzi wa kwanza wa kudumu alikuwa nesi anaitwa Ada Sue Hinshaw, na alipomaliza pale hakwenda kupumzika, 1994 alikwenda kuwa amidi wa shule ya uuguzi Chuo Kikuu cha Michigan, chuo cha umma, mpaka 2006. Mtu aliyekuwa ameshika mfuko wa utafiti wa uuguzi wa nchi nzima amekuja kukaa kwenye kiti cha amidi! Mnaona kile kiti kilikuwa na uzito gani. Nikiwa kwenye vikao na watu wanaona uuguzi ni fani ya kupokea maelekezo, huyu mama ndo ninayemtaja.

Kwahiyo simwambii amidi aachane na utafiti. Namwambia utafiti uote wodini. Sisi watu wa mlimani tunajua kihamba, shamba la nyumbani, kikoje, kahawa ipo chini ya mgomba, ukikata migomba yote ili kahawa ipate nafasi unakuja kulia baadaye. Swali la utafiti wa nesi liko kitandani kwa mgonjwa, anayeliona kwanza ni yule aliyesimama hapo, na shule ikishawatoa walimu wake wodini maswali yake yanaanza kuwa ya kuazima.

Tena mfano mzuri hauko mbali, uko Haydom, hapo Mbulu, mkoa wa Manyara. Watu wa Haydom walikuwa wanafundisha wakunga kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, ile kazi ya kumkausha, kumchochea, kumpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono. Wakafanya mafunzo ya siku moja, baada ya miezi wakawapima. Kwenye mdoli wa mazoezi wakunga walikuwa wameimarika vizuri kabisa. Kule leba kwenye mtoto wa kweli, mambo yalikuwa yaleyale. Hayo matokeo yalichapishwa 2013 na ningependa kila amidi ayabandike mlangoni kwake, kwa sababu yanatuhusu sisi tunaojenga vyumba vya midoli ya gharama alafu tunapiga picha. Haydom hawakuishia hapo, wakabadilisha, badala ya semina ya siku moja wakaweka mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale leba, mkunga na mwenzake kati ya kazi na kazi, na pepa iliyotoka 2015 ilionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua. Mtu angeweza kusoma kuhusu midoli miaka kumi asiligundue hilo, ilibidi awepo mtu leba anayehesabu.

Na kuna Linda Aiken, nesi na mwanasosholojia, yeye chuo chake si cha umma lakini lazima nimtaje. 2002 alichapisha kazi ya hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, wagonjwa wa upasuaji, akaonyesha kila nesi akiongezewa mgonjwa mmoja juu ya alionao, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa 7%. Masista mlioko hapa mlikuwa mnalijua hilo kwa macho, matroni hapo naona anaitikia kwa kichwa, ila kulijua kwa macho hakuingii kwenye bajeti ya mtu. Ile namba ndo iliyoingia. Utafiti ukitoka wodini unarudi wodini na watu wa kuongezwa kwenye zamu, na hiyo ndo sababu mimi nautaka.

Jambo la mwisho, na hili ndo gumu, ni nani anaishika wodi. Chuo kina bosi wake na hospitali ina bosi wake, wanafunzi wako katikati. Mwalimu akienda wodini ni mgeni, hana ruhusa ya kugusa hata kabati la dawa. Sista wa wodini akifundisha anafanya hisani. Loretta Ford, nesi wa Marekani, alilikabili hilo. Huyu ndo yule ambaye 1965 pale Chuo Kikuu cha Colorado, yeye na daktari wa watoto Henry Silver, walianzisha mafunzo ya nesi wa kuhudumia watoto kwa upana zaidi sehemu ambazo daktari hafiki, na manesi wenzake wengi walimpinga kwa kweli. 1972 akaenda Chuo Kikuu cha Rochester kuanzisha shule ya uuguzi kama amidi, na pale ikawa yeye huyohuyo ndiye awe mkuu wa uuguzi wa hospitali ya chuo. Kiti kimoja, wodi na darasa. Mwalimu ana wagonjwa, sista mzuri wa wodini ana cheo cha ualimu. Ulikuwa mzigo mzito na sehemu nyingi hazikuweza kuubeba kama ulivyo, ila wazo lenyewe sijaona la kulizidi.

Hapa kwetu mtu mmoja kushika vyote viwili sidhani kama ni rahisi, mifumo ya ajira yenyewe haikutani, huyu yupo wizara hii, yule yupo ile, mwingine analipwa na kanisa. Fomu ya kupanda cheo nayo ni ya seneti, amidi anaweza kuipigania miaka mitatu minne na aipiganie, saa za wodini ziandikwe, zipewe pointi, ukaguzi wa mwalimu akiwa kitandani na mwanafunzi uhesabike kama ukaguzi wa darasani. Lakini kuna kitu hakisubiri seneti. Yule inchaji anayefundisha wanafunzi wetu kila rotesheni apewe barua ya chuo, jina lake liwekwe kwenye orodha ya walimu wa shule, aitwe kwenye kikao cha mtaala na apewe nafasi ya kuongea kabla ya maprofesa, na posho yake ikae kwenye bajeti juu ya mstari wa midoli. Mhadhiri naye apangiwe asubuhi zake za wodini kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote, na amidi mwenyewe awe na yake. Barua inaandikwa ofisini kwa amidi, ratiba inapangwa ofisini kwa amidi, muhula mpya haujaanza, muda upo.