Anzeni na Mlichokikuta: Kuwasilisha Utafiti wa Elimu ya Tanzania Ugenini

Ndugu zangu wahadhiri, nanyi wanafunzi wa uzamivu mliojazana huko nyuma, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili kwenye semina za idara. Nitalisema tena, kwa sababu kila msimu wa makongamano naletewa mawasilisho niyasome, na kila msimu slaidi ya kwanza ni ramani ya Tanzania.

Baada ya ramani, idadi ya watu. Kisha Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Azimio la Musoma la 1974, MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ya 2002, shule za kata, elimu bila ada ya 2016. Kisha slaidi mbili tatu za nadharia ya msomi wa Ulaya. Na kongamano limekupa dakika 15! Sina ugomvi na Mwalimu Nyerere. Aliyoyaandika kuhusu elimu yanastahili kusomwa hadi kesho. Ugomvi wangu ni na mtafiti aliyehangaikia kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, akabisha hodi kwa Afisa Elimu wa Wilaya, akaketi dawati la nyuma wiki nzima akisikiliza somo la Hisabati, halafu akifika mbele ya watu anasimulia kila kitu isipokuwa alichokikuta.

Niwape kisa nilichokishuhudia. Kijana mmoja wa kwetu, simtaji, aliwasilisha utafiti wa ufundishaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika madarasa ya awali. Alikuwa amerekodi vipindi na kupima muda ambao mtoto anapata nafasi ya kufungua kinywa darasani. Swali zuri kabisa. Chumba kilikuwa na watu wanaofanya kazi hiyohiyo katika nchi zao, daftari mapajani, kalamu mkononi. Akaanza na ramani. Alipofika kwenye MMEM, mwenyekiti wa kikao akainua kadi: dakika 2. Kijana akaanza kurusha slaidi. Majedwali yakapita, michoro ikapita, ile jedwali ya muda wa watoto kuzungumza nayo ikapita, akatua kwenye slaidi ya mapendekezo: serikali iongeze walimu, iongeze vitabu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza, “Na watoto walizungumza kwa muda gani?” Kabla hajajibiwa mwenyekiti akasema muda umekwisha, tumpishe anayefuata. Waliokuwemo chumbani wakaondoka na ramani. Nililala vibaya usiku ule, maana ile kazi ilistahili kujulikana. Hiyo ni sawa na kupiga hodi mlangoni hadi wenyeji wakalale.

Mtaniambia, “Profesa, lakini hawa hawajui Tanzania inaendaje, lazima tuwape usuli.” Wapeni usuli unaohitajiwa na matokeo yenu, basi. Kama utafiti wako ni wa lugha, sema sentensi mbili: mtoto wa shule ya serikali amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Msikilizaji ameshaelewa, na sasa anataka kujua kinachompata mtoto yule. Azimio la Musoma halimsaidii kuelewa hilo. Liweke kwenye makala, huko kuna nafasi.

Mwingine atasema kazi zetu ni ndogo, wenzetu wana fedha. Tazameni jaribio la KiuFunza. Shirika la Twaweza na watafiti wenzao waliingia shule za msingi 350 katika wilaya 10, mwaka 2013 na 2014. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine walimu waliahidiwa fedha kwa kila mtoto anayefaulu mtihani wa Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Motisha peke yake ilitoa matokeo ya mchanganyiko. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka 2019 kazi ile ikachapishwa katika Quarterly Journal of Economics, mojawapo ya majarida makubwa kabisa ya uchumi duniani. Najua, najua, ile ilikuwa na fedha nyingi na watafiti kutoka vyuo vikubwa vya nje. Lakini fedha hazikuwaandikia swali. Swali lao, kama pesa shuleni bila kumgusa mwalimu zinaleta chochote, linaulizwa na kila wizara ya elimu duniani, na jibu lilitoka kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wa hapa kwetu.

Na lipo moja ambalo hatuhitaji fedha ya mtu kulisemea kwa mamlaka. Lugha ya kufundishia. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuutazama upya mfumo wa elimu, mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiende hadi sekondari, halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walitoka Uingereza, wakapima, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu Kiingereza cha kusomea masomo mengine. Kuanzia 2002 mradi wa utafiti wa LOITASA ukawaunganisha Watanzania, Waafrika Kusini na Wanorwe kwenye suala hilohilo. Zaidi ya miaka 40 ya ushahidi! Ukienda kongamano la elimu la UKFIET pale Oxford, au lile la CIES kule Marekani, unaweza kukaa chumba kimoja na Mnyarwanda, ambaye nchi yake iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, na Mmalaysia, ambaye kwao Hisabati na Sayansi zilianza kufundishwa kwa Kiingereza mwaka 2003, na kufikia 2009 serikali ikatangaza kurudi nyuma. Watu hao wanatafuta wa kujibizana naye. Wewe unawaonyesha mipaka ya mikoa.

Jambo jingine linaloniudhi ni picha. Watoto wameketi sakafuni, mmoja ana kamasi, nyuso wazi, mzazi hakuulizwa. Ukiuliza picha hii inathibitisha nini, unaambiwa inaonyesha mazingira. Itoeni. Kama msongamano ndio hoja yako, toa idadi ya wanafunzi kwa kila darasa ulilolitembelea, na uwe umewahesabu wewe mwenyewe, maana utaulizwa, na “wasaidizi wangu ndio waliokwenda” si jibu.

Naona muda unanikimbiza, kwa hiyo haya nayataja mbiombio. Ukipangiwa bango badala ya kikao, usisononeke. Mbele ya bango mtu anakaa nawe na kuuliza mpaka aridhike. Viza, anzeni siku mnayopata barua ya mwaliko. Walimu wakuu mliowasumbua wapate ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili kabla hamjapanda ndege, na Afisa Elimu Kata pia. Suala la majarida nililipangia nusu saa. Litangoje semina ijayo.

Wenye ikisiri mkononi, zileteni hapa mbele. Tutasoma sentensi ya kwanza ya kila moja kabla ya chai, na ikianza na “Tanzania ni nchi iliyopo Afrika Mashariki,” tutaifuta pamoja.