Nenosiri Lenye Nukta Mkato: Kuandika Maelezo ya Zana kwa Ajili ya Mawakala wa Akili Mnemba

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Msimbo wa QR mnaufahamu. Tangu Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave walipoutoa mwaka 1994, hakuna asiyewahi kuuelekezea simu. Kwa hiyo sitaeleza unavyofanya kazi. Nimekuja kwa jambo lile lile ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikililalamikia: maelezo tunayoyaandika kuhusu zana ya kutengeneza msimbo huo, pale anayeitumia si mtu bali ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoendeshwa na modeli ya lugha na kuita zana yenyewe ili kutimiza kazi.

Nianze na kisa. Tuliwahi kumpa wakala kazi ya kutengeneza msimbo wa kuunganisha wageni na Wi-Fi ya ukumbi. Nenosiri lilikuwa mvuakubwa;7. Zana ilikuwa na sehemu mbili, jina la mtandao na nenosiri, na maelezo ya sehemu ya pili yalikuwa maneno mawili: "nenosiri, maandishi". Wakala akaita zana, zana ikajibu "imefaulu", karatasi zikachapishwa na kubandikwa ukutani. Wageni wakaskani. Simu zikasoma msimbo vizuri kabisa, kisha zikagoma kuunganishwa: nenosiri si sahihi.

Tukazima ruta tukaiwasha. Tukalaumu simu. Asubuhi nzima ikapotea. Mwishowe nikachukua kisomaji cha kawaida kinachoonyesha maandishi ghafi, nikaona hivi:

WIFI:T:WPA;S:Ukumbi;P:mvuakubwa;7;;

Tazameni hapo kwenye P. Katika muundo huu nukta mkato ndiyo inayofunga kila sehemu. Simu ilipofika kwenye nukta mkato ya nenosiri ilidhani limekwisha, ikabaki na mvuakubwa, ile 7 ikaachwa nje. Nukta mkato hiyo ilipaswa kutanguliwa na mkwaju wa kinyume (\), ili isomwe kama sehemu ya nenosiri: P:mvuakubwa\;7;;

Sasa kosa ni la nani? Aliyeandika zana alidhani anayeiita ataweka mkwaju. Wakala alidhani zana itauweka. Kila mmoja akamtegea mwenzake, na pale ambapo wangekutana, yaani kwenye maelezo, palikuwa na maneno mawili.

Najua kuna atakayesema, modeli za siku hizi zinaujua muundo wa Wi-Fi, ya nini kuufundisha upya? Zinaujua, nakubali. Kisichojulikana ni zana YAKO inafanya nini. Wakala akiweka mkwaju kwa uangalifu wake, na zana nayo ikauweka, simu itapata nenosiri lenye mkwaju usiokuwamo. Ujuzi wa wote wawili utakuwa umeleta hasara ile ile. Dawa ni sentensi moja: "Andika nenosiri kama lilivyo, usiongeze alama, zana yenyewe itaweka mkwaju mbele ya ; , : \ na alama za kunukuu." Sentensi moja! Mtu angeweza kufungua msimbo wa programu akaangalia, au akamuuliza mwenzake. Wakala, kwa kawaida, ana jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo, basi.

Vigezo vyenyewe sasa. "Ukubwa: namba." Namba ya nini? Kumi ni pikseli za picha nzima, au pikseli za kila kiraba, yaani kila kimraba cheusi au cheupe cha msimbo? Andika kipimo. Kiwango cha kusahihisha makosa nacho: L hurejesha takriban asilimia 7 ya data iliyoharibika, M 15, Q 25, H 30. Ukiandika tu kwamba H ndiyo imara zaidi, wakala atachagua H kila mara, hata kwa kiungo kirefu kitakachoonekana kwenye skrini safi. Msimbo mkubwa kuliko yote, wenye viraba 177 kwa 177, hubeba baiti 2,953 kwa L, lakini 1,273 tu kwa H. Kwa hiyo kiungo kile kile kwa H huhitaji viraba vingi zaidi, na kwenye karatasi ndogo viraba hivyo vinakuwa vidogo mno kusomeka. Eleza lini: H ukiweka nembo katikati, M kwa kazi za kawaida. Na ukingo mweupe ni viraba vinne kila upande. Sema wazi kwamba si pambo, maana wakala akiombwa "ondoa nafasi hiyo, haipendezi", ataondoa.

Rangi nilitaka kuzigusa, ila mwenyekiti ananionyesha saa, naziacha. Hili moja siliachi: jibu la zana. "Imefaulu" humwambia wakala kwamba faili imeandikwa, na mara nyingi anarudishiwa anwani ya faili tu, picha yenyewe haioni. Zana iusome msimbo wake yenyewe kabla ya kujibu, irudishe maandishi iliyoyakuta, na maelezo yamwagize wakala ayalinganishe na alichoombwa. Siku ile angerudishiwa mstari ule wa P:mvuakubwa;7;; na angekuwa na nafasi ya kuuona mapema, kabla karatasi hata moja haijabandikwa ukutani.