Pima ubongo wako wa kulia na wa kushoto kwa karatasi tu

Haya jamani karibuni, leo hatuhitaji mashine wala dokta, tafuta karatasi, maka peni na mtu wa kumjaribu, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi poa tu.

Chora nyuso mbili, moja juu nyingine chini, weka macho na pua. Mdomo sasa, hapa ndo kazi: uso wa juu, nusu iliyo mkono wako wa kushoto ipandishe icheke, nusu ya kulia ishushe inune. Uso wa chini kinyume chake, kicheko kiwe kulia.

Muonyeshe mtu wako, mwambie akazie macho pua, asifikirie sana, upi una furaha zaidi? Wengi, hasa wanaotumia mkono wa kulia, watachagua ule unaocheka kushoto, maana unachokiona upande wa kushoto kinaanza kufika ubongo wa kulia na huo ndo fundi wa sura. Mliokulia kwenye kusoma Kiarabu msishangae mkijibu tofauti, mwelekeo wa kusoma nao unachangia. Ukimpima mwingine badilisha, wa juu uende chini, usije ukadanganyika.

Geuza karatasi. Andika M kubwa lakini usivute mistari, ijenge kwa z ndogondogo, hivi, z z z mpaka ikamilike. Mwaka 1986 watafiti Marekani walieleza wagonjwa waliochora umbo kama hili: aliyeumia ubongo wa kulia katapakaza z ovyo, M hamna, aliyeumia wa kushoto kachora M safi kabisa, hamna z hata moja! Yaani wa kulia unashika umbo zima, wa kushoto vipande vidogovidogo.

Maneno je? Kwa karatasi tunakwama, neno linatakiwa limulikwe pembeni ya skrini chini ya sehemu ya tano ya sekunde, kabla jicho halijalirukia. Roger Sperry, mtafiti wa ubongo aliyepata tuzo ya Nobel 1981, alifanya hivyo kwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja la neva kati ya pande mbili, neno likitokea kushoto mgonjwa anasema sijaona kitu, huku mkono wake wa kushoto nyuma ya kizuizi unaokota kitu hichohicho kilichoandikwa, maana kwa wengi kuongea kunasimamiwa na ubongo wa kushoto.

Daraja lako wewe ni zima, kwa hiyo zile kwizi za "mimi mtu wa ubongo wa kulia" achana nazo, stori za kijiweni. Na kila ukimpima mtu andika palepale kama ni mashoto au la, ukiwachanganya matokeo hayatasomeka.